Wimbo ni Wako, Lakini Karatasi Iko Wapi?

Swali limetufikia ofisini kutoka kwa kikundi kimoja cha upande wa Kanduyi. Mwanachama wao, kijana anayepiga litungu kwenye matanga na harusi, ameomba mkopo. Hataki ng'ombe wa gredi wala mbolea. Anataka kwenda studio kurekodi nyimbo zake mwenyewe na kuziuza mwenyewe, bila tajiri. Wazee wa kikundi wakasema muziki si kazi, ni starehe. Vijana wakasema siku hizi kuna watu wanajenga nyumba kwa pesa za simu. Basi wanauliza: pesa ya kikundi iingie hapo au isiingie?

Mimi nasema muziki ni kazi. Ila ni kazi ambayo mali yake haishikiki kwa mkono. Ng'ombe akiibiwa, kijiji kizima kinatoka na tochi. Wimbo ukiibiwa, watu wanacheza. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye mkopo, inafaa tujue mali yenyewe ni nini, na nani anaweza kusimama mbele ya chifu aseme "hii ni yangu" akaaminiwa.

Jambo hili si geni huku Magharibi. Wenye umri wangu na zaidi wanamkumbuka Daudi Kabaka, mzaliwa wa 1939, mtu wa twist. Miaka ya 1960 alirekodi na studio ya Equator Sound kule Nairobi. Mwaka wa 1968 wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na bendi ya Waingereza, The Tremeloes, ukaingia kati ya nyimbo 20 zilizouzwa sana Uingereza. Unaweza kudhani mambo yake yalinyooka tangu hapo. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakuelewana na studio juu ya malipo, akatoka, akaanzisha lebo yake, African Eagles. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, naye hakukaa chini ya tajiri maisha yake yote. Alikuwa na biashara yake mwenyewe mjini Nairobi, City Sounds, akawa mtunzi, mwimbaji na muuzaji kwa pamoja.

Na "Malaika"? Wimbo umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, umezunguka dunia nzima. Fadhili William aliurekodi akajulikana kwao, lakini mpaka alipoaga dunia mwaka wa 2001 watu walikuwa bado wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Wengine wanamtaja Adam Salim wa Tanzania. Huo ndio wimbo labda unaojulikana kuliko wote uliotoka Afrika Mashariki, na hakuna karatasi ya siku ile inayomaliza ubishi.

Kujitegemea kuna bei yake, tusidanganyane. Ukikataa tajiri, wewe ndiye unakuwa karani, mchukuzi na mtu wa kudai madeni. Halafu ikaja kaseti. Kaseti ilisaidia sana wanamuziki wadogo, maana haikuhitaji kiwanda kama sahani ya santuri. Lakini miaka ya 1980 na 1990 mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili kanda moja mara mia, akaziuza stendi ya matatu. Mwenye wimbo alisikia sauti yake ikilia kila mahali huku mfuko ukiwa mtupu. Kadi za simu na flashi zimeendeleza mtindo ule ule.

Sasa tuje kwenye mali. Wimbo mmoja una vitu viwili ndani yake, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti zilizotoka kichwani mwa mtu. Halafu kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Vitu hivi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mwenye rekodi kisheria ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Soma tena hapo. Prodyusa akikuambia, "Njoo kijana wangu, nitakurekodi bure," akatafuta wapiga gita, akalipa stima na kila kitu, rekodi inaweza kuwa yake hata kama wimbo ni wako. Si lazima awe mwizi. Ametoa pesa yake, na sheria inamwangalia. Ni heri ulipe studio kidogo na uandikiwe risiti inayosema umelipia kazi ya kurekodi na rekodi ni yako.

Kuna mtego mwingine ambao wakati wa kura unanasa wengi. Mheshimiwa anakuja, anataka wimbo wa kampeni, anakupa pesa taslimu na fulana. Sheria hiyo hiyo inasema kazi ya kuagizwa na kulipiwa huhesabiwa kwamba haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitoa ile sauti yako nzuri ya siku zote ukaweka jina lake ndani, usishangae ukiambiwa huwezi kuitumia tena. Andikeni mstari mmoja tu: sauti na utunzi vinabaki kwa mtunzi, mheshimiwa anapewa ruhusa ya kuutumia katika kampeni ya mwaka fulani. Asitie sahihi? Basi bei ipande.

Upande wa pili, sheria inakulinda vizuri kwa jambo moja: huwezi kuuza hakimiliki yako moja kwa moja kwa maneno ya mdomo. Ni lazima iwe kwa maandishi na utie sahihi. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya Kiingereza usiyoielewa, usitie sahihi siku hiyo. Ipeleke nyumbani, umtafute mwalimu au mtu wa ofisi akusomee.

Na nyimbo za jadi je? Nimeulizwa hili mara nyingi, hasa mwezi wa Agosti wa miaka ya tohara. Sioyaye si wimbo wa mtu mmoja. Hata ukiwa wa kwanza kuupeleka studio hauwi wako, na toka mwaka wa 2016 tunayo sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Rekodi yako ya Sioyaye, na jinsi wewe ulivyopiga litungu na siilili ndani yake, hiyo ndiyo unaweza kuidai. Usimzuie mwingine kuimba yake.

Hakimiliki haingoji ofisi. Inaanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa kwa njia yoyote. Kwa hiyo kijana wetu kabla hajapanda matatu aandike maneno yote kwenye daftari na tarehe, aimbe kwenye simu ahifadhi. Hiyo ni bure kabisa. Halafu kuna kuandikisha kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ambako siku hizi kunafanywa kwa intaneti. Cheti cha Bodi ni ushahidi kukiwa na kesi.

Pesa yenyewe inatoka wapi? Nitaanza na ile inayopigiwa kelele. Skiza ya Safaricom ilianza mwaka wa 2009: mtu analipia wimbo wako ulie anapopigiwa simu. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba sehemu yao ni ndogo. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2022 yakaweka mgawanyo: katika kila shilingi 100, kampuni ya simu ipate 39.50, msambazaji wa kati 8.50, na mwenye haki asipate chini ya 52. Ukienda kwa msambazaji, muulize hesabu hiyo ana kwa ana na usome mkataba, maana yeye ndiye anayepeleka wimbo na pesa inapitia kwake. Uliza pia mkataba ni wa miaka mingapi.

YouTube watu wanaiota sana. Ili ugawiwe pesa za matangazo unahitaji kwanza wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Tupige hesabu pamoja. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama wimbo wako ni wa dakika 4, ni lazima utazamwe wote, mwanzo mpaka mwisho, mara 60,000. Inawezekana, wapo waliofika. Lakini mtu asikope pesa ya kikundi kwa tumaini hilo. Hiyo akaunti ifungue, weka nyimbo, iwe kama kibao cha barabarani cha kuonyesha watu kwamba upo.

Kuna pia mirabaha, yaani malipo ambayo redio, baa, hoteli na matatu wanatakiwa kutoa kwa kupiga nyimbo za watu. Redio kama Sulwe FM au West FM ikipiga wimbo wako, kuna haki yako pale. Pesa hukusanywa na vyama vyenye leseni ya KECOBO. KAMP ni cha wenye rekodi, PRISK ni cha waimbaji na wapiga vyombo. Upande wa watunzi ndipo pana fujo. Chama cha MCSK kilianza mwaka wa 1983, lakini leseni yake imekuwa ya kuvutana tangu 2017, na mwaka wa 2024 Bodi ilikipa leseni chama kingine, PAVRISK, mambo yakaenda mahakamani. Mnisamehe kwa herufi nyingi. Ninachosema ni hiki: kabla ya kulipa ada ya uanachama popote, iulize Bodi ni chama gani kina leseni mwaka huu. Na usitegemee mirabaha kwa karo ya shule.

Kinachobaki ni kile cha zamani, kupiga mbele ya watu. Kwa maoni yangu hapa ndipo mwanamuziki wa kijijini anakula, na rekodi ni ya kumfanya aitwe mbali zaidi. Aliyekuwa anaitwa Kanduyi peke yake, sauti yake ikisikika Kitale, ataitwa Kitale.

Sasa narudi kwa mkopo. Nasema mumpe, kwa masharti mawili. La kwanza, mwangalie harusi na matanga anayopiga sasa, si ndoto. Mfano tu: tuseme studio na nauli kwa nyimbo mbili ni shilingi 12,000. Kama kwa mwezi anapiga mara mbili na kila mara anabaki na 3,000 baada ya kulipa wenzake, hiyo ni 6,000. Akileta nusu kikundini, mkopo unaisha kwa miezi minne, ukiacha riba. Kama hana hata hiyo shughuli moja ya kila mwezi, asubiri, aanze na wimbo mmoja.

La pili, aje na karatasi ya wale atakaorekodi nao. Nimeona kwaya zikivunjika kwa sababu ya jambo hili, watu waliosali pamoja miaka kumi hawasalimiani sokoni. Kaseti ilitoka, pesa ikaja kidogo, mtunzi akasema wimbo ni wangu, mwalimu wa kwaya akasema mimi ndiye niliyewafundisha, mama aliyechanga kuku wa kuuza akasema na mimi je? Wote walikuwa na haki fulani. Hakuna aliyekuwa ameandika. Keti chini ya mti kabla ya studio, mwandike: nani ametunga, nani ameimba, nani ametoa pesa na kiasi gani, na pesa ikija kila mmoja anapata ngapi kwa mia. Wote watie sahihi, asiyejua kuandika atie dole gumba, katibu wa kikundi awe shahidi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Katika karatasi hiyo muandike pia laini ya simu na barua-pepe zilizofungua akaunti ni za nani. Vijana wanapenda kutumia simu ya rafiki wa saluni, halafu rafiki anahamia Eldoret na nywila anaondoka nayo.

Na urithi. Kamaru aliaga dunia Oktoba 2018, lakini mjukuu wake, ambaye pia ni mwanamuziki na anajulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa tena nyimbo za babu yake kwenye intaneti, na watu wa mbali wananunua. Upande wetu huku, George Mukabi wa Kisa, yule wa gita la omutibo na chupa ya Fanta, alifariki mwaka wa 1963. Ukihesabu miaka 50 ya sheria, ulinzi wa utunzi wake uliisha mwisho wa 2013. Muda unatembea hata kama familia haijui kuna mali. Kwa hiyo mbele ya kila jina kwenye ile karatasi yenu, mwandike jina la mrithi na nambari yake ya kitambulisho, kama mnavyofanya kwa hisa za kikundi.