Mlevi Akifika Kortini: Jela, Probesheni au Matibabu?



Kijana ameiba debe mbili za mahindi, akauza, akanywa chang'aa. Sasa yuko ndani. Mama analia, mwenye mahindi ana hasira. Kikundi nacho kimegawanyika: wengine wanasema "afungwe ajifunze", wengine "tumlipie faini arudi". Lakini faini inamrudisha na kiu ile ile, na jela peke yake haitibu.

Uraibu ni ugonjwa, ingawa si ruhusa ya kuiba. Basi tupime mambo mawili: kosa lina uzito gani, na ulevi umemshika kiasi gani?

Njia zilizoko Kenya ni hizi:

1. Probesheni. Ni ya miezi 6 hadi miaka 3. Anakaa nyumbani chini ya afisa wa probesheni, na korti inaweza kumkataza pombe. Inafaa kosa likiwa dogo na kuna mtu wa kumsimamia.

2. Kazi ya jamii. Sheria yake ni ya 1998, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Anafanya kazi bila malipo, kwa mfano shuleni au barabarani. Lakini mlevi sugu asiyetibiwa atakosa kufika, na akivunja amri anaweza kufungwa.

3. Kituo cha matibabu. Kwa makosa ya dawa za kulevya, sheria ya 1994 inamruhusu hakimu kuamuru sehemu ya kifungo itumikiwe huko.

4. Jela. Aliyejeruhi mtu, au anayetisha mke na watoto, tusimtetee arudi nyumbani haraka. Usalama wao utangulie.

Jihadharini! Mtu aliyekunywa sana kila siku akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na kifafa, hata kufa, hasa siku za kwanza. Mwambieni askari wa stesheni mapema, muombe apelekwe hospitali. Aliyezoea unga (heroini) naye ana hatari siku ya kutoka jela: mwili umesahau kipimo cha zamani, akikirudia anaweza kufa. Kwa hao kuna kliniki za methadoni. Zilianza Mathari, Nairobi, mwaka 2014, kisha zikafika pwani.

Kikundi kifanye nini? Mshtakiwa akikubali kosa, anaweza kumwomba hakimu aagize ripoti ya probesheni kabla ya hukumu. Afisa atauliza familia, majirani na chifu. Hapo semeni ukweli wote: Amekunywa miaka mingapi? Asubuhi hutetemeka? Amewahi kupiga mtu? Nani atampeleka kliniki? Mkificha ugomvi wa nyumbani ili kumsaidia, atakayeumia ni mkewe. Na mwenye mahindi asisahauliwe, aulizwe atalipwaje.

Akifungwa, mtembeleeni. Ni tendo la huruma, na pia ndiyo nafasi ya kupanga atarudi wapi, kwa kazi gani, mbali na mama pima.

Maswali ya kujadiliana:

1. Hapa kwetu, mlevi akiiba tunakimbilia nini kwanza?
2. Ni nani kikundini anaweza kumfuata afisa wa probesheni?
3. Siku atakayotoka, nani atampokea langoni?