Habari za mvua zinatoka wapi?

Ndugu mkulima wa Juru, utabiri wa mvua unaousikia redioni haufanywi na Uganda peke yake. Setilaiti za Meteosat, mali ya nchi za Ulaya, hutazama mawingu ya Afrika usiku na mchana, zikiwa juu kama kilomita 36,000. Mwaka 1995, huko Geneva, mataifa yalikubaliana kupeana bure habari za lazima za hali ya hewa. Kituo cha ICPAC cha nchi za IGAD, kilichoko Kenya, huzitumia kutayarisha utabiri wa msimu.

Lakini setilaiti huona wingu. Kama limenyesha shambani kwako, haijui. Na utabiri huo ni wa eneo kubwa. Kwa hiyo mvua ya kwanza isikuharakishe kupanda maharagwe yote. Chimba kwanza, utazame unyevu umefika wapi.