Bei ikufuate shambani, si wewe kuifuata

MKULIMA wa nyanya anayesoma bei kwenye simu saa 12 asubuhi, kisha akaelewana na dalali saa 4, huenda ameuza kwa bei iliyokwisha kupitwa na wakati. Kosa si lazima liwe la aliyeandika bei. Tovuti nyingi ndivyo zilivyotengenezwa.

Kwa kawaida simu huuliza na seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa, hujibu. Ikishajibu, mazungumzo yamekwisha. Bei ikipanda dakika tano baadaye, ukurasa ulio mbele yako haujui mpaka uufungue upya. Wapo mafundi wanaoiamuru simu iulize kila baada ya sekunde chache, lakini hilo hula fedha na betri, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna jipya.

Njia bora ni kuiacha laini wazi ili seva itume habari pale tu inapopatikana. Kwa bei za soko yatosha laini ya upande mmoja: seva inasema, simu inasikiliza. Kwa mnada, ambapo mnunuzi naye hutaja dau, hutumika WebSocket, ambayo kanuni zake zilichapishwa Desemba 2011.

Je, habari ya mapema ina faida gani? Katika jimbo la Kerala, India, simu za mkononi ziliwafikia wavuvi kati ya 1997 na 2001, wakaanza kuulizia bei kabla ya kutia nanga. Utafiti wa Robert Jensen uliotolewa 2007 ulionyesha kuwa faida yao ilipanda kwa asilimia 8, huku bei kwa mlaji ikishuka kwa asilimia 4. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa wanunuzi walipata soko.

Ushirika wenu ukitaka kutengenezewa programu ya namna hii, muulizeni fundi mambo matatu:

• Mtandao ukikatika, je, simu itajiunga yenyewe na kuletewa bei zilizopita? Laini ya upande mmoja hujiunga yenyewe. WebSocket humtaka fundi aiandikie utaratibu huo.

• Je, kila bei itaonyesha soko, kipimo na saa?

• Asiye na intaneti atapata ujumbe mfupi wa simu?

Akishindwa kujibu, msilipe kwanza. Bei isiyo na saa haina tofauti na uvumi wa kijiweni, na anayefaidi uvumi ni dalali.