Kikapu cha Kahawa ya Mgeni

Somo la leo ni kusuka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

Desturi mnaijua. Mgeni huletewa buni iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha ikaanikwa. Zamani watu wawili walipochanjiana udugu walitafuna punje mbili za tunda moja, zilizopakwa damu yao, kwa kuwa punje hizo hukaa pamoja ndani ya ganda moja. Basi chombo cha kahawa kisifanywe ovyo.

Kata nyasi ndefu, uzianike, ukusanye fungu lenye unene wa kalamu ya risasi. Chana nyuzi za mwale, uziloweshe kidogo zisikatike. Zungusha fungu kama konokono, na kila mzunguko uushone kwa sindano nene kwenye mzunguko uliotangulia. Vuta uzi! Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uzi ukilegea kikapu hupinda, nayo kahawa itamwagika mbele ya mgeni. Ongeza nyasi kabla fungu halijawa jembamba. Kitako kikifika upana wa kiganja, anza kupandisha ukuta.

Mapambo? Uzi mweusi wafaa. Mimi napenda mstari mmoja tu. Binti anayeolewa akipewa kikapu hiki atakitumia siku ya kwanza atakapopokea wageni kwake.

Wiki ijayo tutasuka mfuniko. Sasa andikeni madaftarini: fungu, uzi, kitako.