Kidhibiti mwendo cha pikipiki kikigoma, anza na taa ya breki

PIKIPIKI kubwa za safari ndefu, mfano Honda Gold Wing, zina kifaa kinachoshikilia mwendo bila dereva kuendelea kuzungusha mkono wa mafuta. Kifaa hicho kinapogoma, wengi hudhani kompyuta imeharibika, ilhali mara nyingi chanzo huwa ni swichi ndogo.

Kwa usalama, mfumo huo hujizima mara dereva anapogusa breki au klachi. Swichi ya breki ikikwama, mfumo hudhani kuwa breki imebanwa, hivyo hukataa kufanya kazi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Pikipiki ikiwa imesimama, funguo iwashwe na taa ya breki itazamwe. Ikiwaka bila breki kuguswa, swichi imekwama au haikurekebishwa vizuri. Isipowaka breki ya mkono wala ya mguu inapobanwa, fyuzi, globu na waya zikaguliwe. Swichi ya klachi haionekani kwenye taa. Hupimwa kwa mita ya umeme.

Kuunganisha waya ili kuikwepa swichi mbovu ni hatari: dereva anaweza kubana breki huku injini ikiendelea kuisukuma pikipiki mbele. Hadi hitilafu itengenezwe, kifaa hicho kisitumike barabarani.