Mabonde ya Ushetu Yarudishiwe Miti Yake

Mji wa Kahama unakua upesi. Dhahabu imeukuza, biashara imeukuza, na mwaka 2021 ukapewa hadhi ya manispaa. Sisi hatuna kinyongo na ukuaji huo, maana mfanyakazi hana budi kupata nyumba, taa na maji. Lakini hakuna mji uishio kwa dhahabu peke yake. Mkaa, mbao, mchele na maziwa ya mjini hutoka shamba, na Ushetu, halmashauri jirani iliyoanzishwa mwaka 2012 na yenye makao yake Nyamilangano, ni shamba mojawapo la mji huo.

Apitaye katika mabonde ya huko mwisho wa kiangazi huona mito iliyo mchanga mtupu. Mito ya upande huu ni ya msimu. Hilo ni umbile la nchi wala halina lawama. Lenye lawama ni kingo zilizo uchi. Miti iliyozishika imekwenda kukausha tumbaku katika mabani, imekwenda kuwa matimba ya kuzuia mashimo ya wachimbaji wadogo yasiporomoke, na mingine imekwenda mjini ndani ya magunia ya mkaa. Mahali pengine pana mialo ya kuchenjulia dhahabu kwa zebaki, na sumu hiyo ikiingia mtoni haitoki kwa amri ya mtu. Mvua inyeshapo, maji hupita yote kwa siku moja, yakabeba udongo na kuubwaga mbugani. Baada ya miezi michache akina mama huonekana wamepiga magoti wakifukua mchanga kutafuta ndoo moja.

Mambo haya si mageni Shinyanga. Katika miaka ya 1920 na baadaye, wakoloni waliwakusanya watu kwa maelfu kufyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walipungua kweli, ng'ombe na mashamba ya pamba yakaenea, lakini hakuna aliyeuliza maji yatakaa wapi. Na tuseme kweli ijapokuwa inauma: hata sisi wenyewe, tulipowahamishia watu vijijini katika miaka ya 1970, tuliwatenga na ngitili zao. Ngitili, kwa msomaji asiyeijua, ni sehemu ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza, isilimwe wala isichungwe, wakaifungua kiangazi majani yanapokuwa haba. Mwenye ngitili akihamishwa mbali nayo, nani atailinda? Mkoa ukafikia kuitwa Jangwa la Tanzania.

Mwalimu Nyerere aliuzuru mkoa huo mwaka 1984, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mabwana miti walishughulika zaidi na bustani za miche. Baadaye waligundua jambo ambalo wazee walikuwa wakilijua siku zote: ardhi ikifungwa, visiki vya zamani huchipua vyenyewe. Mizizi ilikuwa hai chini, ikingoja mifugo na shoka viondoke. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 tu mwaka 1986 zilikuwa zimepita hekta 300,000 mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, katika vijiji 833. Safari ya kuchota maji ilipungua kwa saa moja hadi mbili kwa siku. Mwanamke anayebeba ndoo kichwani haitaji mtaalamu wa kumfasiria maana ya saa hizo.

Sisi twaona sababu ya ushindi ule haikuwa fedha ya wafadhili. Waliopanga sheria walikuwa wanakijiji wenyewe katika dagashida, na waliozilinda walikuwa Sungusungu wao, wakimtoza faini mwenye kuvunja, awe maskini au mwenye ng'ombe mia. Hata hivyo tusipambe mno. Wenye ardhi kubwa na mifugo mingi ndio waliofaidi zaidi, na kijiji kinachofunga bonde leo kisipoangalia kitakuwa kimemfungia mlango asiye na kitu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa Ushetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ni njema. Lakini mkulima wa mpunga ambaye riziki yake yote imo ndani ya meta hizo, akiondolewa kwa amri bila kuonyeshwa pa kulima, atarudi usiku. Haki yataka kijiji kimpe kwanza sehemu nyingine katika ardhi yake, ndipo ukingo ufungwe. Vyama vya tumbaku navyo vitenge mashamba ya kuni vyao wenyewe, wala visitegemee pori la mtoni.

Na Kahama nayo isikae pembeni. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele yalifunguliwa kwa Kahama na Shinyanga mwaka 2009, nasi tuliyashangilia. Kuanzia hapo mtu wa mjini afunguaye bomba hakumbuki tena bonde. Ushuru wa mkaa waendelea kutozwa. Sehemu yake irudi katika vijiji vilivyokubali kufunga kingo zao, tena irudi kwa hesabu iliyobandikwa ukutani penye ofisi ya kijiji, kila mtu aisome.

Mvua za Ushetu huanza kiasi cha mwezi wa Novemba, na huo ndio wakati wa kufunga ngitili. Kabla ya hapo kila kijiji chenye mto kikutane, kiweke alama za mipaka, na kiandike majina ya wakulima watakaopewa ardhi nyingine.