Sakafu ya Karavani na Maji Yasiyoonekana

Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 za kulala kutoka Cape Town kwenda Cairo. Msafara huo ulipitia Uganda, Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Trela zile zilikuwa za alumini ing'aayo, lakini sakafu yake ilikuwa ya plaiwudi, na mpaka leo wenye trela za namna hiyo, ambazo Waingereza huziita karavani, wanajua kwamba sakafu ndiyo huoza kwanza. Ikisha kuoza hasara si ya ubao peke yake, kwani katika trela nyingi nguzo za ukuta zimefungwa kwenye ukingo wa sakafu hiyo hiyo.

Wengi hudhani kuwa maji yote hutoka barabarani. Magurudumu hurusha maji ya mvua chini ya trela, ni kweli, na paa au dirisha lenye ufa hupitisha matone yanayoteremka ndani ya ukuta mpaka sakafuni. Lakini maji mengi hutoka vinywani mwa waliolala. Watu wawili wakilala saa nane hutoa kwa pumzi na jasho nusu lita ya maji au zaidi. Trela ndogo yenye urefu wa mita tatu ina hewa ya mita za ujazo kama 11 hivi. Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 hubeba gramu 9 tu. Kwa hiyo chumba kizima hakiwezi kubeba hata gramu 200, na kilichozidi hutafuta mahali penye baridi kikageuka umande.

Mahali hapo ni chini ya godoro. Godoro huzuia joto la mlalaji lisifike kwenye ubao, na upepo wa usiku hupoza ubao huo kwa chini. Mvuke hupenya godoro, hukutana na ubao wa baridi, na asubuhi kitambaa cha chini kimelowa. Baada ya majuma machache huota kuvu jeusi, na mtoto anayelala hapo akiwa na pumu hupata taabu.

Kabla ya kununua kitu chochote yafaa kujua maji yatoka upande gani. Kipande cha nailoni hutandazwa sakafuni na kubandikwa kingo zote kwa utepe, kisha huachwa usiku na mchana. Maji yakionekana chini ya nailoni, yanatoka ardhini au ndani ya ubao. Yakionekana juu yake, yanatoka hewani. Jaribio hilo hufaa vilevile kwa sakafu ya saruji katika nyumba ya bati, ambamo familia nyingi za askari zimelala na kuona godoro likilowa bila ya paa kuvuja.

Paa na madirisha huzibwa kwanza, kwa maana ni kazi bure kukinga sakafu inayotiririkiwa na maji. Kisha ubao wa zamani hudungwa kwa bisibisi yenye ncha kali. Pale inapozama bila nguvu, kipande hicho hukatwa na kutupwa. Ubao uliobaki huachwa ukauke kabisa, hata kama ni majuma mawili, ndipo upande wa chini na hasa kingo zipakwe rangi ya lami. Kingo za plaiwudi hunywa maji kama utambi. Mwenye haraka akipaka lami juu ya ubao wenye unyevu, ameyafungia maji ndani badala ya kuyafungia nje.

Kikinga baridi kinachofaa ni bamba la povu gumu la polistirini lisilonywa maji, unene wa milimita 25. Bamba hilo huzuia baridi sawasawa na ubao mnene wa milimita 100 hivi. Pamba ya kioo haifai hata kidogo sakafuni: ikilowa haikauki, na hukaa imeuegemeza unyevu kwenye ubao. Mabamba hupangwa baina ya papi zilizofungwa kwa skrubu, na kila mwanya huzibwa kwa gundi au utepe, kwa sababu mwanya mdogo tu hutosha kupitisha mvuke mpaka kwenye ubao wa chini ulio baridi. Juu yake huwekwa plaiwudi nyembamba, kisha linoliamu. Chumba hupoteza kimo cha sentimita tatu au nne, na mtu mrefu ataona.

Hata hivyo godoro lisiwekwe juu ya sakafu hiyo moja kwa moja. Chaga za mbao zinazoliinua sentimita tano, hewa ikapita, hufanya kazi ambayo povu peke yake haiwezi.

Lipo kosa moja lililo baya kuliko kuoza kwa ubao. Mtu akisha kuziba sakafu huona raha ya joto, akaziba na matundu ya hewa, kisha akawasha jiko la gesi apate joto zaidi. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, basi unyevu hurudi maradufu. Tena jiko lililokosa hewa safi, liwe la gesi au la mkaa, hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini, katika trela, katika hema na katika chumba kilichofungwa. Matundu ya chini na ya juu huachwa wazi usiku kucha, na jiko huzimwa kabla ya kulala. Penye baridi huongezwa blanketi.